Mlango Ulioachwa Wazi

Ukitoka stesheni ya Mpanda ukaipa reli mgongo, kabla hujafika sokoni utakuta baraza la duka lenye mabenchi mawili yasiyolingana, jiko la mkaa la Heri muuza kahawa, na cherehani ya Thadei. Hapo ndipo mji ulipokuwa ukijadili mambo yake. Mwaka ule wa tisini na sita mahindi yalikubali mpaka watu wakakosa pa kuyaweka, na mtu akishiba hutaka kutazama. Kiangazi chote, kila Jumapili baada ya misa ya pili, ukumbi wa parokia ulifurika kwa maigizo, mapya yaliyotungwa juzi na ya zamani yaliyofufuliwa. Na kila Jumatatu asubuhi kijiwe kilijaa watu wa kumsikiliza Thadei, Mfipa mwembamba wa miaka hamsini na kitu, aliyeitwa Mizani kwa sababu hakuna igizo lililopita bila kupimwa naye. Jumatatu hii ilikuwa ya mwisho. Igizo moja tu ndilo lingekwenda Sumbawanga kushindana kwa mkoa mzima, na Ladislas, afisa utamaduni wa wilaya, alikuwa ameahidi kupita kijiweni kabla kamati yake haijakaa, asikie Mizani anasemaje.

Thadei alikuwa hajalala vizuri. Alikuwa anashona suruali ya sare ya shule na mguu wake ulikanyaga cherehani kama mtu anayekimbizwa. Jana, mlangoni mwa ukumbi, watu walipomuuliza habari ya igizo la mwisho, alisema kwa sauti, "Wameliharibu." Alipogeuka alimwona Athanasie, mama wa makazi ya wakimbizi ya Katumba aliyelifufua igizo lile, amesimama nyuma yake ameshika taa ya chemli. Athanasie alimsalimia kwa kichwa tu, akapita.

Manyanda ndiye aliyefungua kikao. Alikuwa mnunuzi wa mahindi, Msukuma wa kifua kipana, na kwa umbo lake na sauti yake walimwita Tani Saba.

– Mizani, tuanze na Karema. Wale jamaa ni kiboko. Wameleta mtumbwi wa kweli juu ya lori, kutoka ziwani mpaka hapa. Ukaziba mlango wa ukumbi, watu wakaingilia dirishani. Mimi mwenyewe nimeingilia dirishani.

– Dirishani ulipitaje? akauliza Heri.

– Dirisha lilinipisha. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Thadei alikata uzi kwa meno.

– Ule mtumbwi uliigiza vizuri kuliko watu waliokuwa ndani yake, alisema. – Wao walikaa wanautazama. Na sisi tukautazama. Ukiondoa mtumbwi, kinabaki nini? Watu sita wenye mashati mazuri.

Kijiwe kilicheka. Libérat, fundi redio kutoka Katumba, kijana waliyemwita Mitabendi, alisogeza kikombe chake Heri amwongezee.

– Na Kibaoni, mzee? Ile harusi yao?

– Harusi ya Kibaoni niliiona mara ya kwanza miaka kumi iliyopita, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Sasa wameifufua, lakini wameifufua pamoja na sanda yake. Vichekesho vilevile vya enzi ya foleni ya sabuni. Wewe Mitabendi uliwahi kupanga foleni ya sabuni?

– Nilikuwa mdogo.

– Basi utacheka nini? Ukifufua kitu kikague kwanza, kama suruali ya marehemu. Huwezi kumvalisha mtoto wake bila kupunguza kiuno.

– Lakini wale kuku walioingia jukwaani, akasema Heri, wakati bibi harusi anarushiwa mchele...

– Kuku niliwapenda. Kuku ndio peke yao ambao hawakujua kitakachofuata.

Hapo mguu wa Thadei ulisimama juu ya kanyagio. Kila mmoja alijua kinachokuja, kwa maana mzee alikuwa ameanza kung'aa usoni. Vijana wa Nsemulwa, watoto wa wafanyakazi wa reli, walikuwa wametunga igizo jipya kabisa, waliloliita *Behewa la Mwisho*. Thadei aliliona mara ya kwanza, akarudi tena walipoombwa kulirudia.

– Nawaambia nyie, alisema akasimama kabisa, futi kamba inaning'inia shingoni. – Hawana kitu wale watoto. Hawana mtumbwi, hawana kuku. Wana madebe na miguu. Lakini walipoanza kukanyaga, taratibu, taratibu, halafu wakaongeza, mimi nilisikia reli chini ya benchi langu. Nikainua miguu. Yule binti anayemkimbilia baba yake na behewa linaondoka, hakulia. Alisimama tu akajipangusa mikono kwenye gauni. Miaka thelathini natazama maigizo, sijaona mkono ukisema vile. Hakuna mshono unaoonekana. Unageuza nje, unageuza ndani, nguo ni nguo.

– Babu kubwa, akasema Manyanda. – Basi kazi imekwisha. Nsemulwa waende Sumbawanga. Mwenda pole hajikwai, na wale wanakwenda na treni.

Thadei alikaa, akachukua kipande cha kitambaa, akakirudisha mahali pake.

– Na *Mlango*? akauliza Libérat kwa upole.

Ndilo lililomnyima usingizi. *Mlango* lilikuwa igizo la zamani la watu wa Katumba, wale waliokimbia mauaji Burundi mwaka wa sabini na mbili. Thadei alilitazama huko huko makazini miaka ya themanini mwanzoni, alipopeleka sare za kwaya. Hadithi yake ni fupi. Mama yuko nyumbani na watoto wake, na mbali kuna ngoma moja inapigwa, na kila ikipigwa inakuwa karibu zaidi. Mama anachagua cha kubeba. Anachukua sufuria, anairudisha, anachukua blanketi. Mwisho anawatoa watoto nje, anafunga mlango kwa ufunguo, anaufunga ufunguo kwenye pindo la kitenge, wanaondoka. Sauti ya ule ufunguo ukizunguka kwenye kitasa Thadei aliibeba miaka yote hiyo. Akiulizwa igizo zuri ni lipi, hulisema hilo.

Jana Athanasie alikuwa amelileta tena, na mama akaigizwa na Séverine, msichana mrefu mwenye sauti nzito. Kila kitu kilikuwa pale pale, ngoma, sufuria, blanketi. Séverine akawatoa watoto nje. Akashika kitasa, mkono ukasimama. Akautazama mlango kwa muda, ukumbi mzima umeshika pumzi. Kisha akauachia. Akaondoka na watoto wake, mlango uko wazi. Pazia.

– Halina mwisho, alisema Thadei. – Walikuwa na mwisho mzuri kuliko yote, wakaukata kwa mkasi. Mimi nauliza, kwa nini? Nani alimwambia Athanasie aache mlango wazi?

– Rahisi, akasema Heri. – Yule binti alisahau ufunguo kwao. Haraka haraka haina baraka. Akafika pale, anapapasa, hakuna kitu. Ungefanyaje mbele ya umati?

– Acha zako, Heri, akasema Thadei. Ufunguo ulikuwa shingoni kwake. Niliuona.

– Basi kitasa kilikuwa kibovu. Walileta mlango wa kuazima.

Manyanda alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayewahurumia wenzake.

– Nyie hamsomi alama za nyakati. Hii ni siasa. Mlango wa zamani ulikuwa na kufuli, maana yake chama kimoja. Leo vyama vingi, mlango wazi, anayetaka aingie, anayetaka atoke. Athanasie amewazidi akili wote. Penye wengi pana mengi, ndiyo vyama vingi hiyo.

– Watoto wanakimbia ngoma ya kifo, akasema Libérat, wewe unaona kampeni?

– Sasa sema wewe. Si ni mambo ya kwenu?

Libérat alizungusha kikombe mkononi.

– Mimi nafikiri kuna mtu amebaki ndani. Bibi. Hawezi kutembea. Ukifunga, umemfungia.

Manyanda akadakia.

– Si bibi, ni mume. Yuko uvunguni. Mama anajua. Anaacha wazi ili wale wakija wadhani hamna mtu, wapite. Halafu mume anatoka, anawazunguka kwa nyuma...

– Anawazunguka na nini? akauliza Libérat.

– Na ile sufuria. Mama si aliirudisha? Mnadhani aliirudisha bure?

Wote walicheka, hata Thadei, akajikuta anaiona ile sufuria upya, akakasirika kwamba Tani Saba amemwonyesha kitu. Heri naye akapata moto. Aliweka birika chini.

– Ngojeni. Mlitazama vizuri? Nyuma ya mlango hakukuwa na nyumba. Fremu na mlango, basi. Hakuna ukuta. Sasa mama alitoka akasimama upande wa pili wa fremu, ametugeukia, anatazama ndani. Ndani ni wapi? Ni kwetu, tuliokaa. Sisi ndio tulikuwa ndani ya nyumba. Ametuachia wazi sisi.

Manyanda alikunja uso.

– Heri, leo hii kahawa umetia nini?

– Tangawizi.

– Punguza.

Wakati wanabishana hivyo, mwanamke mmoja alikuwa ameshusha godoro lililofungwa kamba na sanduku la bati pembeni ya benchi fupi. Alikuwa ameshuka treni ya asubuhi na alisubiri gari la kwenda Karema. Heri alimpa kahawa. Alikunywa huku anawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza:

– Samahanini baba zangu. Mnagombania mlango wa nani?

Walimweleza, wote kwa pamoja, mpaka Thadei akawanyamazisha akamweleza yeye mwenyewe, taratibu, kuanzia ngoma. Mama yule alijitambulisha kuwa anaitwa Dafrosa, anatoka Urambo, na anahamia kwa dada yake. Alisikiliza bila kukatiza.

– Mimi igizo sijaliona, alisema. – Ila nimehama kwangu juzi. Ufunguo huu hapa. Tangu treni iondoke najiuliza kama niliufunga mlango au niliuacha. Nauona mlango. Naliona godoro hili kichwani kwangu. Mkono wangu siuoni. Sasa nyie, siku mliyotoka kwenu, mliufunga?

Manyanda alifungua mdomo.

– Sisi Wasukuma tulitoka na ng'ombe. Boma letu mlango wake ni miiba, unaivuta tu, unai...

Akaishia hapo. Mkono wake ulikuwa umeinuka kama unavuta tawi, ukabaki hewani, akautazama, akaushusha kwenye goti.

Heri aliinama kupuliza mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

Thadei alirudi Ufipa kwa fikra, asubuhi ile ya ukungu kaka yake alipompitia wakatafute kazi ya reli. Aliuona mlango wa mbao wa nyumba ya baba yake, ufa wake wa chini ambao paka alipitia. Alimwona kaka yake njiani akimwambia fanya upesi. Akajitafuta mwenyewe pale mlangoni, akatafuta mkono wake, ulifanya nini. Hakuuona. Miaka yote hii alikuwa amesikia ufunguo ukizunguka, na sasa hakujua kama aliusikia kwao au aliusikia Katumba, kwenye igizo la watu wengine. Akajikuta ameinua miguu, kama pale behewa lilipoanza kutembea chini ya benchi.

Ladislas alifika na pikipiki yake ya serikali, vumbi limemjaa hadi kope. Hakuzima injini.

– Mizani, shikamoo. Kamati inanisubiri. Ni treni ya Nsemulwa, au siyo? Mji mzima unasema hivyo.

– Marahaba. Pelekeni *Mlango*.

Ladislas alizima injini.

– Jana si umesema wameliharibu? Athanasie mwenyewe kanijia asubuhi, anataka kuliondoa. Anasema kama Mizani kakataa, basi.

– Nilisema halina mwisho. Bado nasema halina mwisho. Behewa limeshonwa vizuri kuliko yote, na mwakani litakwenda, na mimi nitakwenda nalo kwa nauli yangu. Lakini Behewa lilipokwisha nilipiga makofi, nikaenda nyumbani, nikala. Kwa hili sijaweza kulala. Mwambie Athanasie hivyo. Mwambie na huyu Séverine asiguse kile kitasa zaidi ya jana. Akikigusa zaidi, nitajua.

– Niseme sababu gani kwenye kamati?

– Sema Mizani ameshindwa kupima.

Ladislas alimtazama, akaona hatanii, akakanyaga pikipiki. Manyanda akapiga paja lake, akaanza kucheka kwa furaha, akisema Sumbawanga hawajui kinachowajia, vyama vingi vitaingia huko kwa mlango wa mbele. Heri akamwongezea kila mtu kahawa bila kuombwa. Hata wapita njia walisimama kuuliza nini kimetokea, na habari ikaondoka kuelekea sokoni kabla pikipiki haijafika kwenye kona.

Gari la Karema lilipiga honi. Dafrosa alinyanyuka akajifunga kitenge.

– Lakini hamjanijibu.

Ni Libérat aliyesema, bila kuinua macho:

– Mimi nilikuwa mgongoni, mama. Sikuona.

– Na mama yako hakuwahi kukwambia? akauliza Thadei.

– Sijawahi kumuuliza.

Libérat akasimama, akaubeba ule mzigo wa Dafrosa, godoro begani na sanduku mkononi, akaupandisha juu ya gari. Aliporudi hakukaa. Aliichukua baiskeli yake ukutani, akaupima mnyororo kwa kidole, akaielekeza barabara ya Katumba, ambako Donatille mama yake, saa kama ile, huwa anaanua mihogo.

– Kahawa yako je? akamwita Heri.

Alikuwa ameshavuka reli.