Mungu Alivyonitoa kwenye Hofu ya Cheti Kinachokufa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa sauti yangu hii inayokwaruza, maana mwaka jana nisingethubutu kusimama mbele ya watu wengi namna hii. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha sala ameniomba mara kadhaa nishuhudie, nami nikawa nakwepa. Mara nina mafua, mara nina zamu. Leo sina mafua wala zamu, na Mungu amenishika hapa hapa.

Kwa msionifahamu, naitwa Gaudensia, mama Beni, mke wa Osward wa Mollo. Ni fundi wa mtandao wa kompyuta katika hospitali moja ya hapa Sumbawanga. Si fundi simu, ingawa kuna akina mama humu ndani huniletea simu zilizoangukia kwenye ndoo ya maji! Mimi nashughulika na nyaya na mashine zinazounganisha kompyuta za wodini, za maabara na za chumba cha upasuaji. Mashine hizo zikifa, hospitali nzima inakuwa kama mtu aliyepooza ulimi.

Ndugu zangu, kazi hii ina cheti, na cheti chetu si kama cha ubatizo au cha ndoa. Chetu kinakufa. Kampuni kubwa ya nje inayotengeneza vile vifaa ndiyo inayokitoa, na kila baada ya miaka kadhaa ni lazima ufanye mtihani upya ili kihuishwe. Hospitali yetu nayo ina mkataba na wanaoleta vifaa hivyo, na mkataba unataka awepo fundi mmoja mwenye cheti kilicho hai. Fundi huyo nilikuwa mimi.

Sasa cheti changu kikiwa kinakaribia kuisha, kampuni ikatangaza kwamba inabadilisha utaratibu wote. Ngazi za zamani zinavunjwa, mitihani inaunganishwa, na mtihani niliouzoea unaondolewa kabisa. Mwenye cheti kilicho hai atahamishiwa kwenye ngazi mpya. Ambaye chake kitakuwa kimekufa ataanzia chini kabisa kama mtu ambaye hajawahi kushika waya, na huko chini kumewekwa mambo mapya ya kuandika programu ambayo sijawahi kuyagusa.

Nilisoma sehemu ya mwanzo ya lile tangazo. Nikafunga kompyuta. Na tangu siku hiyo, ndugu zangu, hofu ikahamia nyumbani kwangu.

Niseme ukweli mbele za Mungu, sijui jinsi ya kuwaeleza hofu ile. Ugali wa ulezi ambao nimekula tangu utoto nilikuwa nauacha sahanini. Simu ikilia mlio wa ujumbe, moyo unaruka. Nikiwa jikoni nakuna kichwa, najibu maswali ya mtihani peke yangu, mpaka Osward akaniuliza, "Mama Beni, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu."

"Basi huyo asiye mtu mwambie aondoke, uji unaungua."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Jirani mmoja akanishauri kwa wema wake kwamba huenda nimetupiwa kitu, niende kwa mtu anayejua kuangalia. Nikamwambia hapana, mimi namjua anayeangalia. Lakini nikirudi ndani, nilikuwa nalia.

Nilikwenda Mbeya kufanya mtihani. Nilijiandaa vizuri, namshukuru Mungu, na maswali nilikuwa nayajua. Lakini nilipokaa mbele ya kioo cha kompyuta, herufi zikaanza kutembea kama siafu. Mikono ikalowa jasho hata kipanya kikawa kinateleza. Masikio yakaziba. Nilikuwa nasoma swali, nikifika mwisho nimesahau mwanzo. Muda ukaisha nikiwa bado naangalia swali la katikati. Nikaanguka mtihani.

Safari ya kurudi kutoka Mbeya sikumbuki chochote. Nakumbuka tu nilivyomwona katibu wa hospitali asubuhi iliyofuata. Ni mtu mpole, hakunifokea. Aliniambia, "Gaudensia, kama ingekuwa uamuzi wangu, ungebaki hata bila karatasi yoyote. Lakini cheti kikifa, itabidi nitafute fundi mwingine kutoka nje. Mkono wangu haufiki huko." Upole wake ulinitisha kuliko ukali. Mtu mkali unaweza kumkasirikia. Mpole unabaki na hofu yako tu.

Ilibaki nafasi moja. Mtihani ule ule wa zamani, kabla haujaondolewa, ningeweza kuufanya hapa hapa Sumbawanga kwa njia ya mtandao, msimamizi akiwa huko nchi za nje ananiangalia kwa kamera. Masharti yake, ndugu zangu! Chumba kiwe kitupu, ukutani kusiwe na karatasi. Mtu mwingine asiingie. Usiangalie pembeni, usitoke mbele ya kamera, hata midomo usiichezeshe. Mimi ninayesali kwa midomo, niambieni ningesalije? Katibu akaniazima chumba kidogo upande wa utawala, wakaondoa makabati na kalenda. Fundi mwenzangu siku hiyo alikuwa msibani, kwa hiyo nilikuwa peke yangu kwa upande wa mitambo. Nilimwomba Mungu jambo moja tu: siku hiyo pasitokee kitu.

Ikatokea.

Ilikuwa masika, mchana, mawingu yameshuka mpaka kwenye paa. Nilianza mtihani. Hofu ilikuwa pale, imenikalia kifuani, lakini safari hii maswali yalikuwa yanasomeka. Nikawa najibu. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, sisikii hata pumzi yangu. Kisha radi ikapiga karibu sana, dirisha likatetemeka. Najua mtu akisikia radi na Sumbawanga katika sentensi moja anaanza kutabasamu. Ndugu zangu, ile ilikuwa radi ya mvua tu, si ya kutumwa na mchawi! Taa zikazima zikawaka. Kompyuta yangu haikuzima kwa sababu upande wa utawala una betri za akiba. Nikasema moyoni, Bwana, asante.

Hapo nikasikia mlango unagongwa.

Sikugeuka. Yule msimamizi alikuwa ananiangalia. Mlango ukagongwa tena, na sauti ikaja kutoka nje, sauti ya Sista Leokadia, msimamizi wa wodi ya wazazi. Mnaomfahamu mnajua hapigi kelele ovyo.

"Gaudensia, mwanangu, najua siruhusiwi kuingia. Nitasemea hapa hapa."

Nikang'ang'ania meza.

"Mtandao umekufa upande wa wazazi. Daktari alikuwa anaongea na bingwa wa Mbeya kwa video, anamwonyesha picha za kipimo cha ultrasound, sasa hawaonani tena. Simu nazo hazishiki. Yule mama aliyeletwa kutoka Kaoze, kule bondeni, anatoka damu." Kisha akasema, "Mimi nimesema. Siwezi kukuamulia."

Ndugu zangu, nataka mnielewe vizuri hapa, msije mkadhani niliruka kama shujaa. Sikuruka. Nilibaki nimekaa. Hofu iliniambia kwa sauti iliyo wazi kabisa: ukiinuka, mtihani umefutwa. Ukifutiwa, unasubiri siku kadhaa ndipo urudie, na kabla hazijaisha mtihani wenyewe utakuwa umeondolewa. Kazi imekwisha. Beni na mdogo wake watasoma vipi? Mama yako mzee atatibiwa na nani? Kaa chini, wewe. Mtu mwingine atatengeneza.

Lakini mtu mwingine hakuwepo, na mimi nilijua hivyo.

Yule mama alikuwa amepandishwa kutoka bondeni kwa pikipiki, kisha kwa gari, katika barabara ile mnayoijua wakati wa mvua. Nilikuwa nimempita asubuhi koridoni, amelala kwenye kitanda cha kusukuma, ameshika kanga ya mama mkwe wake kwa vidole vyote. Hatukusalimiana. Aliniangalia tu.

Nikaomba bila kuchezesha midomo. Sikusema mengi. Nilisema, Yesu, naogopa. Basi. Sala nzima ilikuwa hiyo!

Nikasimama. Yule msimamizi wa mtihani akasema kwa Kiingereza nirudi kwenye kiti. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kuna mgonjwa. Akaniambia nikitoka mtihani unafutwa na hataweza kuurudisha. Hakuwa mbaya, alikuwa kazini kwake. Nikamwambia, "Nisamehe, dada," kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Nikafungua mlango.

Sista alikuwa bado pale mlangoni. Alinishika mkono tukakimbia kwenye mvua.

Kisanduku kinachogawa mtandao wa wodi ya wazazi kimefungwa darini. Nilijua kabla sijafika kwamba radi imekiunguza. Nikachukua cha akiba stoo, nikaletewa ngazi, ngazi ya chuma, na juu mbingu bado zinanguruma. Ndugu zangu, tangu utoto kule Mollo nimefundishwa kukaa mbali na chuma wakati wa radi! Nilipanda huku nasali kwa sauti, wauguzi wote wakinisikia. "Salamu Maria, salamu Maria," sikumbuki hata kama niliimaliza. Darini kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Tochi nimeiuma kwa meno. Nikaanza kuchomoa nyaya moja moja na kuzihamishia kwenye kisanduku kipya.

Na hapo ndipo Mungu alipofanya kazi yake. Niliangalia mikono yangu kwenye mwanga wa tochi nikaona haitetemeki. Ilikuwa mikavu. Kifua changu kilikuwa chepesi. Kile kitu kilichonikalia tangu lile tangazo hakikuwepo! Radi ilikuwepo, giza lilikuwepo, kazi nilikuwa nimeipoteza, lakini hofu haikuwepo. Nikalia huku nachomeka nyaya. Sista akauliza kutoka chini, "Umeumia?" Nikamjibu, "Hapana, Sista. Nimepona."

Taa za kijani zikawaka. Chini nikasikia daktari anasema, "Namwona, namwona." Nikashuka, nikakaa koridoni sakafuni karibu na mama mkwe wa yule mgonjwa. Hakujua mimi ni nani. Alikuwa anasali kwa Kifipa, nami nikaitikia. Tulikaa hapo mpaka tuliposikia mtoto analia, na baadaye sana daktari akatoka akatuambia na mama pia yuko hai.

Sifa kwa Bwana! Mshangilieni, ndugu zangu, msinishangilie mimi!

Sasa mtasema, na cheti je? Mtihani ulifutwa, kama nilivyoambiwa. Nilikwenda mwenyewe kwa katibu bila kuitwa, nikamweleza, na sikutetemeka. Alivua miwani, akasema atasubiri mpaka siku ya mwisho ya cheti changu kabla ya kutafuta mtu mwingine. Nyumbani nilikula vizuri. Osward akaniambia, "Kumbe ulikuwa bado unajua kula!"

Nikampigia Deogratias, fundi mwenzetu aliyeko Chala, kumuaga katika kazi hii. Akanisikiliza, kisha akaniuliza, "Dada Gaude, ule utaratibu mpya umeusoma mpaka mwisho?"

"Nimeusoma."

"Umeusoma au umeuogopa?"

Nikavuta kompyuta karibu.

"Siku hizi kuna njia mbili," akasema. "Mtihani ni moja. Nyingine ni kozi zao wenyewe, kila kozi ina pointi. Ukikusanya pointi za kutosha kabla cheti hakijafa, kinahuishwa na unahamia ngazi mpya. Badiliko lenyewe ndilo hilo. Mimi cha kwangu nimehuisha hivyo."

Ndugu zangu! Yale mabadiliko niliyokuwa nayakimbia ndiyo yaliyokuwa na mlango wangu. Miezi yote ile nililia nje ya mlango uliokuwa wazi, kwa sababu hofu haikuniruhusu kuinua macho nisome aya zinazofuata. Nikazisoma siku ile ile, nikazirudia. Nikafanya kozi hizo kila jioni baada ya kazi, pamoja na zile za programu nilizoziogopa. Ni ngumu, sitawadanganya, lakini zinafundishika. Cheti kikahuishwa kikiwa bado hai. Niko kazini mpaka leo.

Lakini sikuja kushuhudia cheti. Kingekufa, bado ningesimama hapa leo, pengine nimetoka kupalilia mahindi na Osward, na bado ningesema Mungu ni mwema. Maana uponyaji wangu niliupata darini, wakati nilipoamini kwamba nimeshapoteza kila kitu.

Namshukuru Mungu Baba. Namshukuru Sista Leokadia aliyesema ukweli mlangoni akaniachia nichague. Namshukuru mume wangu na Deogratias.

Na wewe uliyekaa hapo, unayeogopa barua ya kazini, au majibu ya vipimo, au mtihani wa mtoto wako, nakusihi: usisubiri hofu iishe ndipo umwite Yesu. Mwite ukiwa unaogopa hivyo hivyo. Mimi nilimwambia maneno mawili tu, wala sikuweza kufungua mdomo, na alisikia. Tukimaliza nitakuwa pale kwenye benchi la kushoto. Njoo tukae, tusali wote, hata kama unatetemeka. Amina.