Machozi ya Meksiko

Kwenye pantoni ya Ndundu, tukivuka Rufiji, Mwanamina alikuwa anarudi kwa mumewe kijijini Mohoro, baada ya kununa miezi mitatu nyumbani kwa wazazi wake. Alimsimulia muuza kuku aliyekaa naye filamu ya Meksiko aliyoiona kwenye banda la video, Kibiti. "Yule bwana alipiga magoti, dada, akalia mbele ya mama mkwe."

"Wanalipwa walie hao. Wa kwetu akikukosea, anakuletea samaki, yamekwisha."

"Wangu hata samaki hakuleta. Kanitumia salamu kwa dereva wa lori."

Mimi, niliyekaa nyuma yao, nilikuwa upande wa samaki, ila hakuna aliyeniuliza.

Pantoni ikagusa ukingo. Kwenye tope alisimama mwanamume mmoja, kavaa kanzu nyeupe ya Ijumaa, imepigwa pasi.

"Ndiye huyo? Mbona halii?"

"Leo Jumanne, dada. Angalia kanzu," alijibu Mwanamina, akijitanda kanga upya.