Maisha ya Mwalimu Verna Doucette Beal, Aliyewafundisha Walimu Jinsi Nchi Rafiki Zinavyogombana

Ndugu waombolezaji wa ng'ambo zote mbili za mto, mimi ni Hazel, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitasoma kadiri nitakavyoweza.

Dada yetu Verna alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa St. Stephen, New Brunswick, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Aurèle na Winnifred Doucette, akasoma shule ya msingi na sekondari papa hapa mjini, akasomea ualimu Fredericton na kuhitimu mwaka 1975, na Septemba hiyo hiyo akaanza kufundisha historia, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 17 Juni 1978 alifunga ndoa na Carleton Beal, fundi wa kiwanda cha karatasi kutoka Calais, Maine, ng'ambo ya daraja, wakajaliwa watoto wawili, Joyce, aliyebaki huku Kanada, na Alden, aliyehamia Marekani kwa watu wa baba yake, na Carleton alitutangulia mwaka 2016.

Mwaka 1994, baada ya kumsikia mwalimu mwenzake akiwaambia wanafunzi kwamba Kanada na Marekani haziwezi kukosana kwa kuwa ni marafiki, dada alianzisha semina ya kila Julai kwa walimu wa pande zote mbili, akiwaeleza mabalozi hasa hufanya nini, jinsi nchi zinazolindana vitani zinavyovutana kuhusu mbao na samaki, na jinsi mikataba inavyodumu kwa sababu wapo watu wanaopigiana simu hata wakiwa wamekasirika, na kila mwaka aliwaambia, "Msiwadanganye watoto kwamba marafiki hawagombani, wafundisheni kugombana bila kuondoka mezani."

Mapema mwaka 2025, nchi zetu zilipoanza kutozana ushuru na kurushiana maneno, walimu walianza kujitoa mmoja mmoja, na Machi hiyo madaktari wakamwambia dada ana saratani ya kongosho, imeshasambaa, lakini alikataa kabisa kuahirisha semina, akawa anashinda kitandani na simu, akibembeleza, nami nilimsikia mwalimu mmoja wa huku akimjibu, "Nisamehe, Mwalimu, siwezi kukaa na watu wanaotuita jimbo lao," dada akasema, "Basi njoo uwaambie hivyo usoni," na simu ikakatwa. Nilimwambia, "Dada, achana nao, watakumaliza kabla ya ugonjwa," akanijibu huku analia, "Hazel, nikiacha mimi, ataanza tena nani?"

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi, kwani siku ya Pasaka Alden alisema mezani kwamba ushuru ule ni haki ya nchi yake, na Joyce, aliyekuwa ameachishwa kazi katika kiwanda cha huku kwa sababu ya ushuru huohuo, akamwambia, "Basi nenda ukale kwa nchi yako," na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Julai walikuja walimu wanne tu, watatu wa huku na Bwana Ruel Sprague wa Maine, na dada, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alimtaka kila mmoja aseme kama balozi wa nchi ya mwenzake, Bwana Sprague akaanza kwa kututania mazoea yetu ya kuomba radhi kila mara, "Haya, leo mimi Mkanada, acha niombe radhi kwanza," wakacheka, lakini alipofika kuwasemea walioachishwa kazi aliomba maji, hakumaliza. Ilikuwa semina ya mwisho, na mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuichukua.

Tarehe 2 Oktoba 2025 alilazwa hospitalini Saint John, Joyce akakaa upande mmoja wa kitanda na Alden upande wa pili, mama yao akawaambia, "Mmoja wenu aanze, hata kwa matusi," hakuna aliyeanza, na mchana wa tarehe 4 akakata roho huku anawatazama. Ameacha watoto hao wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliotuletea supu na mkate, wazimamoto wa Calais mliovuka daraja kuja kubeba jeneza, na walimu wenzake wote, pamoja na ninyi mliokata simu, maana nawaona mmekuja.

Joyce, Alden, mmekaa pande mbili za kanisa, nami sina nguvu za kubembeleza alizokuwa nazo mama yenu.

Pumzika kwa amani, Verna, maana sisi uliotuacha hatunayo.