Jumamosi: Baba

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani nje ya banda la kuziba pancha, jirani na kinyozi. Kinatosha watu wanne wenye njaa, au watatu walioshiba. Mwenye banda anaitwa Pancha. Kinyozi anaitwa Profesa, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuulizwa swali akasema hajui. Kahawa inaletwa na Mzee Birika, ambaye hachangii hoja, humimina tu. Na yule anayekaa kwenye chemchemi iliyotoboka, dereva wa basi la shule, anaitwa Breki, naye ni baba yangu mzazi. Mimi walinibandika jina la Taarifa tangu nilipojiunga na mdahalo chuoni, maana sijaweza kusikia pumba nikakaa kimya. Siku hiyo nilikwenda pale nikiwa nimeshafura. Baba alikuwa ameapa mbele ya kijiwe kizima kwamba akirudi nyumbani anaichana ratiba ya chakula ambayo mama ameibandika kwenye mlango wa jikoni. Na kinachookolewa na ratiba hiyo ndicho kinachomlipia mama masomo ya udereva. Ikichanika ratiba, na leseni imechanika.

Nilitoa shikamoo, ikaitikiwa kwa mkupuo mmoja, halafu wakaendelea kana kwamba nimeleta maji ya kunawa.

Breki: Mwanamume mzima naishi kwa ratiba kama mtoto wa bweni! Jumatatu maharage. Jumanne viazi na mboga za majani. Jumatano kiporo.

Pancha: Kiporo? Kimeandikwa kabisa?

Breki: Kwa wino!

Pancha: Aisee. Kiporo mtu hukutana nacho kwa bahati mbaya, bwana. Hakipangwi.

Profesa: Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sasa nyumba inapika kwa kuhesabu vichwa, huyo mgeni ataponea wapi?

Mimi: Taarifa, Profesa! Kwenye methali hiyo anayepona ni mwenyeji.

Profesa: Haya, na mwenyeji mwenyewe huyu hapa anakula kiporo. Amepona?

Pancha: Mimi nawaambia kitu kimoja kutoka kazini kwangu. Tumbo ni tyubu. Tyubu ikizoea upepo, inalegea. Tumbo likishajua kwamba Alhamisi ni mayai, linaanza kukinai tangu Jumanne. Chakula kinachoshibisha ni kile cha kushtukiza.

Breki: Ndiyo maana sishibi!

Mimi: Baba, unaongeza sahani kila siku.

Breki: Naongeza kwa sababu sishibi. Husikii?

Hapo ilibidi nivute pumzi. Maana nyumba ya kabla ya ratiba naikumbuka, na baba anaikumbuka pia, ila kijiweni kumbukumbu huachwa nje pamoja na adabu. Mwanzo wa mwezi tulikula kama tuko harusini, katikati ya mwezi kama wagonjwa, mwisho wa mwezi kama tumefunga. Kuna siku baba alirudi na nyanya, mama akarudi na nyanya, na mimi nikatoka chuoni na nyanya, kila mmoja akijisifu kwamba amezipata kwa bei nzuri. Tulizila mpaka tukawa wekundu, na bado nusu yake zilioza kwenye beseni. Kesho yake mama alikata karatasi, akapiga mistari, akatuita mezani sote. Baba alikuwepo. Baba aliitikia kwa kichwa! Akasema, na nanukuu, "Wazo zuri, mke wangu."

Mimi: Ulisema wazo zuri.

Breki: Nilikuwa sijalisoma lote.

Profesa: Mnaona jambo dogo, lakini hii ni hatari ya usalama. Jeshi halibandiki ukutani kwamba Ijumaa tunakula nyama. Adui akijua?

Mimi: Adui gani wa kwetu, Profesa?

Profesa: Wajomba zako.

Pancha: Hapo kasema kweli.

Profesa: Na majirani wakiiga je? Mtaa mzima maharage Jumatatu. Sasa fikiria Jumanne asubuhi, madirisha yamefungwa kwa baridi, watoto wote wamo ndani ya basi la Breki.

Baba alifumba macho. Nadhani aliliona basi.

Mimi: Haya, waheshimiwa. Kupinga ni rahisi. Nyinyi mngebanaje matumizi? Leteni hoja mbadala.

Pancha: Nyepesi. Nunua kidogo kidogo, siku kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Kinajaa kibaba cha muuza duka! Mafuta ya kupimiwa kwenye kimfuko kila jioni, mwisho wa wiki umelipia chupa nzima na chupa yenyewe huna.

Profesa: Mwache huyo, anafikiri kwa tyubu. Mimi ninayo ratiba bora kuliko ya mama yako. Jumatatu, familia nzima mnamtembelea shangazi. Jumanne, kaka wa mama. Jumatano, rafiki uliyesoma naye. Mnafika saa ya chakula, mnasema mmepita tu kusalimia. Sokoni hamwendi kabisa.

Mimi: Na wao wakija kwenu?

Profesa: Hawatatukuta. Siku hiyo tuko kwa shangazi.

Pancha: Kichwa hiki kinapotea bure kwenye wembe.

Profesa: Na siku ambayo ndugu wote wamesafiri, familia inalala mapema. Jua likizama, taa zima, kila mtu kitandani. Wahenga hawakukosea: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha atakula.

Mimi: Utalala wewe! Methali inasema ukimwamsha utalala wewe!

Profesa: Nami nikilala si nimeokoa sahani nyingine?

Wakagongeana vikombe. Mzee Birika akamimina. Baba alicheka mpaka chemchemi ya kiti ikalia chini yake, na kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Mwanamke anahesabu viazi ili afike kwenye usukani, na huku watu wanapanga kwenda kula kwa shangazi!

Mimi: Baba, umewasomea Jumatatu, umewasomea Jumatano. Wasomee na Jumamosi.

Breki: Jumamosi haina neno.

Pancha: Inaliwa nini Jumamosi?

Breki: Nimesema haina neno!

Mimi: Imeandikwa "Jumamosi: Baba."

Pancha: Mnamla?

Mimi: Anapika! Mama ana somo la udereva Jumamosi, kwa hiyo baba anapika maharage. Hiyo ndiyo ratiba inayomchoma. Kiporo kinasingiziwa tu.

Kijiwe kilijikunyata kama mtu aliyefunuliwa shuka. Profesa ndiye aliyejikaza kwanza.

Profesa: Kumbe ni kubwa hivi. Breki, mafahari wawili hawakai zizi moja. Madereva wawili jiko moja litawaka?

Breki: Muulizeni huyu binti. Mikono hii imeshika usukani maisha yote. Leo nishike mwiko?

Mimi: Mama ameshika mwiko maisha yote. Leo ameshika usukani, na hajaja kulia kijiweni.

Pancha: Duh.

Breki: Basi yaishe. Naenda kuichana sasa hivi.

Alisimama kweli. Alikuwa ameshapangusa makalio ya suruali yake wakati gari dogo jeupe lenye kibao cha L lilipotokeza pembeni, likitembea kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki. Ndani, mwalimu wa udereva alikuwa ameshikilia mshikio wa mlango kwa mikono yote miwili. Kwenye usukani alikuwa mama, mgongo wima, ulimi umechungulia kidogo kama anatunga uzi kwenye sindano. Gari likafika mbele yetu, likaruka mara moja, likazima.

Mama hajawahi kusimama kijiweni. Hupita akasalimia kwa mbali na kikapu chake, basi. Siku hiyo aliteremsha kioo.

Mama: Shemeji zangu, hamjambo?

Walisimama wote kama darasa.

Pancha na Profesa: Hatujambo, shemeji!

Mama: Baba watoto, nimekuona nikasema niulize tu. Maharage umeloweka?

Baba alimtazama Pancha. Pancha alimtazama Profesa. Profesa alitazama ndani ya kikombe chake, akakigeuza, akatazama na kitako. Mimi niliyekuwa na hoja za asubuhi nzima nilikuwa nimelala nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, nimepita mbele ya mlango wa jikoni mara ngapi sijui, na sikuwa nimegusa hata punje. Nikatazama barabara.

"Mama," mwalimu alisema kwa sauti nyembamba, "nyuma kuna gari."

Mama akawasha, akaangalia kioo, akatoa ishara, akaachia klachi taratibu, na lile gari likaondoka laini kabisa. Pale mwisho wa mtaa akakata kona bila kuugusa ukingo. Baba alilisindikiza kwa macho mpaka lilipopotea.

Breki: Mmeiona ile klachi?

Pancha aliitikia kwa kichwa.

Breki: Mimi nilipokuwa najifunza nilimgonga mbuzi.

Pancha: Kwani maharage yanalowekwa?

Profesa: Inategemea.

Pancha: Inategemea nini?

Profesa: ...Sijui.

Mzee Birika alisita na birika lake hewani. Hata yeye alijua kwamba ameshuhudia jambo.

Baba alinisogelea. Sauti aliishusha kama mtu anayeuliza bei dukani huku mfuko mtupu.

Breki: Taarifa, mwanangu. Yanalowekwa saa ngapi?

Mimi: Jana, baba.

Breki: Jana.

Mimi: Jana usiku. Usipoyaloweka yanachemka mpaka jioni, na gesi yote ya wiki inaishia kwenye sufuria moja. Hapo hakuna tulichookoa.

Breki: Na ada ya mtihani wake ni...

Mimi: Inatoka kwenye akiba hiyohiyo.

Aliketi. Chemchemi ikalia. Akatazama viganja vyake.

Breki: Kesho ratiba inasemaje?

Mimi: Mayai na wali.

Breki: Tukila mayai leo, maharage yakaenda kesho? Nikayaloweka leo hii nikifika tu?

Mimi: Inawezekana. Ila zamu ya kesho ni ya mama, ya leo ndiyo yako.

Breki: Kesho nitapika mimi pia. Jumamosi ni yangu, maharage ni ya Jumamosi, yanifuate popote yaendako. Una kalamu?

Nikampa. Akaichomeka sikioni kama fundi seremala.

Pancha: Breki! Si umesema unaichana?

Breki: Nyamaza, Pancha. Napanga.

Pancha alinyoosha kikombe chake aongezewe. Mzee Birika akainamisha birika, likatoka tone moja, halafu mvuke. Akalifunika, akakusanya vikombe vyake, na Profesa akakumbuka kwamba ameacha mteja kwenye kiti na nusu ya kichwa.

Baba alikuwa ameshavuka barabara, mwendo wa mtu mwenye mambo yake. Ghafla akafunga breki, akageuka, akaniita kwa sauti iliyosikika mpaka kwa kinyozi.

"Taarifa! Mayai nayo yanalowekwa?"