Ukuta Uliojifuta Siku ya Thelathini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae nami. Leo tunamkumbuka dada mmoja aliyewachekesha wagonjwa. Alikuwa mbunifu wa kazi za kompyuta. Wenzake walimwita Fundi Kivuli. Amefariki akiwa na miaka thelathini na minne.

Wengine mmeuona ukuta wake. Uko kliniki ya figo, kwenye ukumbi wa kusubiri, mbele ya mabenchi. Ukisimama pale, kamera ndogo inachukua kivuli chako na mashine inakirusha ukutani. Ukipunga, kinapunga. Ukiondoka, kinabaki. Ukirudi kusafishwa damu unakikuta kinapunga vilevile, kama mwenyeji wako.

Fundi Kivuli mwenyewe alikuwa mgonjwa pale. Kwa miaka mitano alikaa kwenye mabenchi yale, mara tatu kwa wiki. Kivuli cha kwanza ukutani kilikuwa chake. Alikiweka karibu na mlango.

Baba yake ni mchoraji wa mabango ya maduka, mzee wa brashi na ngazi. Siku ya kwanza kuuona ukuta, aliunusa.

"Kazi gani hii isiyonuka rangi?"

"Umeme hunuka ukiungua tu, baba."

"Basi usiniunguzie wagonjwa."

Mzee alinisimulia hayo akicheka.

Baada ya mazishi, alianza kwenda kliniki kila asubuhi. Hakuwa mgonjwa. Alikaa benchi la mwisho, akapungiwa na kivuli cha mwanawe, akarudi nyumbani. "Picha ninazo," aliniambia. "Lakini kwenye picha hanipungii."

Sasa nisikilizeni. Fundi Kivuli alilinda sana siri za wagonjwa. Aliogopa vivuli vyao visije vikaangukia mikononi mwa watu wabaya. Kwa hiyo aliupa ukuta agizo: nisipokugusa siku thelathini, futa vyote. Na kila Jumatatu aliugusa. Hata alipoishiwa nguvu, alishikwa mkono akaugusa. Hakuna mwingine aliyempa ruhusa hiyo. Hakuweka nakala popote.

Mwenzake wa kazini alilijua agizo hilo. "Lilinitoka kichwani," aliniambia, macho kwenye viatu vyake. "Tulikuwa msibani. Nani anahesabu siku msibani?"

Siku ya thelathini tangu ukuta uguswe mara ya mwisho, mzee alifika saa mbili asubuhi. Ukuta ulikuwa mweupe.

"Binti, hebu washa," alimwambia muuguzi.

"Babu, umewaka."

Vivuli vyote vilikuwa vimekwenda. Cha mwanawe pia.

Wiki iliyopita mzee alirudi na ngazi, brashi na kopo la rangi nyeusi. Wakubwa wa kliniki walimruhusu. Karibu na mlango akachora kichwa. Akachora mabega, likiwemo lile moja lililoinama kidogo. Alipofika kwenye mkono, akasimama. Mwanawe alikuwa akichora kwa kushoto na kula kwa kulia. Je, alipunga kwa upi?

Akawageukia wagonjwa. Mmoja akasema wa kulia. Mwingine akaapa ni wa kushoto. "Wewe hata miwani yako huwa huioni ukiwa umeivaa!" wa kwanza akamrudishia. Muuguzi akasema hakuwahi kuangalia.

Mzee akafunga kopo lake.

"Siku zote hizo nilikuwa namtazama," aliniambia. "Nilikuwa natazama nini?"

Kivuli hicho kipo mpaka leo. Kina kichwa na mabega. Mikono hakina.

Kwako mzee wetu, kwa mama, kwa ndugu zake na kwa wote wa mabenchi yale: poleni sana. Sina neno la kuwafariji, na sitajifanya ninalo. Mimi nilimsindikiza dada yangu pale mwaka mzima. Kila nilipopita mlangoni, Fundi Kivuli alinipungia. Nami sikumbuki kwa mkono upi.

Wasikilizaji wapendwa, sisi tumeshachelewa. Lakini kama yupo anayekupungia mlangoni leo, simama kidogo. Utazame mkono wake.