Jaji Anataka Kucheka

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vioo, mguu mmoja umewekewa kigae ili lisiyumbe. Wanaokaa hapo kila asubuhi kabla ya kazi, na mara nyingine badala ya kazi, ni wanne. Mama Birika anauza kahawa na hukalia ndoo yake. Redio hana shughuli inayoeleweka, ila hazimiki. Betri anafufua betri za magari kwenye kibanda cha jirani. Wa nne ni mwenye duka la vioo, waliyempa jina la Jaji kwa sababu miaka yote hapakuwa na mtu aliyewahi kumchekesha. Ukianza kichekesho, Jaji huangalia pembeni au huingia dukani kukata kioo. Walidhani ni maringo, wakamsema sana mgongoni. Mpaka wiki iliyopita, Redio alipomvizia na kisa cha mbuzi aliyeingia benki, Jaji akateleza kutoka benchini kama nguo iliyokatikiwa na kamba, kahawa ikammwagikia. Ndipo walipoelewa kwamba mtu wao hakuwa na maringo hata kidogo. Alikuwa anaogopa kucheka.

Asubuhi hii Jaji alikuwa ametoka hospitali, na kijiwe kilimngoja kwa hamu.

— Haya, soma hukumu, alisema Redio. Daktari kasemaje?

Jaji alikuwa amejipangia maneno njia nzima, maana aliwajua watu wake.

— Kasema hivi. Huku nyuma, ubongo unaposhikana na uti wa mgongo, panaitwa shina la ubongo. Hapo kuna seli ambazo kazi yake ni kumweka mtu macho. Kuna kemikali inatoka huko juu, inakuja kuzigonga. Zikigongwa, vijilango vinafunguka, kalsiamu inaingia ndani, seli inachangamka, inawaamsha na wenzake. Basi wewe uko macho.

— Na wewe je?

— Mimi mgongaji amekwisha. Seli zipo, milango ipo, kalsiamu imejaa tele. Wa kugonga ndiye hayupo. Kwa hiyo mchana nasinzia hovyo. Na nikicheka, ule ulegevu wa mtu aliye ndotoni unanivamia mchana kweupe. Mwili unalala, mimi mwenyewe nipo. Nasikia kila kitu.

— Kila kitu? aliuliza Betri.

— Kila kitu. Wiki iliyopita nilikusikia ukisema nisipoamka, kile kioo kikubwa uchukue wewe.

Betri akainamia kikombe chake, akakinywa ingawa kilikuwa kimekwisha.

— Dawa nimepewa, Jaji aliendelea. Lakini itachukua wiki kadhaa kuzoeana na mwili. Na onyesho la binti yangu ni Jumamosi. Nitakwenda.

Binti wa Jaji ni mchekeshaji. Jumamosi hiyo angepanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa kweli, watu wamekata tiketi. Tangu aanze kazi hiyo, baba yake hajawahi kumsikia hata mara moja. Msichana hufanyia mazoezi jikoni, mlango umefungwa na bomba linamwaga maji, ili Jaji asisikie neno akaangukia meza ya vioo. Na juzi alimwambia kwa upole, Baba, wewe usije, nitakusimulia. Neno hilo lilimuuma Jaji kuliko ugonjwa wenyewe.

— Kalsiamu? Redio alishikwa na wazo. Hiyo si ndiyo ya mifupa? Basi umekosa maziwa tu. Kunywa maziwa mpaka Jumamosi. Saga na maganda ya mayai, changanya.

— Nimesema kalsiamu ninayo.

— Unayo ya kukaa. Unataka ya kuingia.

— Mwacheni, alidakia Betri. Huyu hana shida ya chakula, stata ndiyo imekufa. Gari lenye stata mbovu mnalifanyaje? Mnalisukuma. Jumamosi tunakaa wawili nyuma yake. Binti akikaribia pa kuchekesha, tunamsukuma mgongoni, anawaka.

— Na nikiwaka nikaenda kugonga jukwaa?

— Tutakushika kabla.

Mama Birika alikuwa akimimina muda wote. Sasa akaweka birika chini, na akiweka birika chini ujue jambo ni zito.

— Mnahangaika bure. Mgongaji ni kahawa yangu. Jumamosi atakunywa birika zima.

— Mama, hiyo kahawa nainywa tangu binti yangu hajazaliwa.

— Ulikuwa unainywa kwa ustaarabu. Sasa utainywa kwa nia.

— Kahawa haifiki huko kwenye shina, alisema Redio. Mimi nimegundua. Kalsiamu nyingi kuliko zote iko kwenye chokaa. Sasa nyie semeni, mmewahi kumwona fundi wa kupaka chokaa anasinzia?

— Nimemwona, alijibu Betri. Juu ya ngazi.

— Yule alikuwa anapaka rangi ya mafuta. Sikilizeni. Ukuta wa ukumbi upakwe chokaa mbichi, Jaji aegemeze kisogo. Inapenya polepole. Halafu kicheko huambukiza, hilo linajulikana. Kwa hiyo tunapita safu kwa safu, tunawaomba watu wote wasicheke. Ukumbi mzima ukinuna, Jaji atacheka na nani?

— Yaani tumharibie mtoto onyesho ili baba yake alione, alisema Mama Birika.

— Atakuwa amekaa wima lakini.

Jaji alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda, na alijua hawana la kumsaidia. Hofu alikuwa nayo. Aliogopa kuanguka mbele ya watu, mwanawe akatize onyesho kumkimbilia. Lakini alikuwa amekwisha kuamua, na maneno yao hayakumrudisha nyuma hata hatua moja.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mpita njia mmoja, mtu mwenye mkoba begani, aliyesimama kunywa kikombe chake tu. Alikuwa amesikiliza yote. Akarudisha kikombe kwa Mama Birika.

— Samahanini, ndugu zangu. Huyo binti mwenyewe, anachekesha?

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Betri akamtazama Mama Birika. Mama Birika akatazama birika. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amemsikia, na hapo ndipo lilipomwingia Jaji. Yeye aliyemlea, aliyemlipia shule, aliyemnunulia viatu vya jukwaani, hakuwa na jibu la kumpa mtu baki. Alisikia aibu, kisha akasikia hasira na huo ugonjwa.

Wakati huo huo binti akatokea kwenye kona, ametumwa na mama yake kuuliza habari za daktari. Alipoona wote wamemgeukia, akasita.

— Shikamooni. Kuna nini?

— Marahaba, mwanangu, alisema Jaji. Niambie kimoja.

— Kimoja nini?

— Cha Jumamosi.

— Baba, hapana. Mama ataninyonga.

Jaji hakubishana. Alivua miwani akampa Betri. Kikombe akampa Mama Birika. Akashuka benchini, akakaa chini kwenye saruji, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

— Chini nimeshafika. Sema.

Binti akamtazama. Kisha akasogea mbele ya benchi, akasimama kama mtu aliye jukwaani.

— Watoto wenzangu wakivunja kitu nyumbani walikuwa wanakimbia. Mimi nilikuwa nabaki. Baba anakuja kunigombeza, kakunja uso, kidole juu. Namngoja afike karibu. Namwigizia Mama akiongea na simu isiyo na mtandao. Baba anashuka. Polepole. Goti, goti, kiuno, kidole bado kiko juu. Kidole kinashuka mwisho. Namwekea mto, namfunika shuka, naenda zangu kucheza. Mama akirudi anauliza, baba yako vipi? Namwambia, amenisamehe.

Taya la Jaji lilitangulia. Kisha shingo, kisha mikono, na mwili wote ukaegemea upande mmoja taratibu. Alimsikia Redio akipiga kelele kwamba afinywe, na Betri akisema asukumwe. Alimsikia Mama Birika akicheka mpaka kifuniko cha birika kinalia, na yule mpita njia akiomba mtu amshike. Alisikia yote, akiwa mle ndani, amejaa furaha ambayo hakuwa na kiungo cha kuionyeshea.

Kisha akasikia viatu vya binti yake vikisogea, na sauti yake ikashuka karibu na sikio.

— Unanisikia, Baba?

Hakuweza kutikisa hata ukope. Binti akangoja kidogo, akamrudisha kichwa vizuri ukutani.

— Najua unanisikia. Usiinuke kwanza. Hicho kilikuwa cha kufungulia tu.

Akasimama, akaanza cha pili.