Mayai ya Mke Mwenza

Mbele ya banda la fundi simu kuna benchi la mbao lililoegemezwa tofali upande mmoja, na kila asubuhi hubeba watu watatu na maneno ya watu thelathini. Yupo fundi mwenyewe, Chaji. Yupo Jogoo, aliyefuga kuku miaka ishirini na bado anauona ulimwengu wote kama banda. Yupo Profesa, dereva mstaafu wa lori, ambaye hajasema "sijui" tangu azaliwe. Kona ya nne ilikuwa ya Shwari, na tangu wamzike miezi miwili iliyopita hakuna anayeikalia. Siku hiyo mjane wake, fundi cherehani wa banda la pili, alikuja na boksi la plastiki, akaliweka taratibu kwenye kona ya mumewe.

— Shemeji, umetuletea vitafunio? Chaji aliuliza.

— Mke mwenzangu kataga.

Kahawa ilimpalia Jogoo. Wote walimjua mke mwenza huyo: nyoka wa Shwari, asiye na sumu, aliyekaa sebuleni kwenye sanduku la kioo. Miaka sita mama huyu alilalamika kwamba nyoka anapendwa kuliko yeye. Kabla ya kuugua, Shwari alimwazimia nyoka huyo dume kutoka kwa mfugaji mwenzake. Kisha, akiwa kitandani, akamwachia mkewe maagizo: akitaga, yatie alama juu, usiyageuze, na baada ya wiki mbili yamulike uone kama yana watoto. Wiki mbili zilikuwa zimetimia, na mjane aliogopa kumulika peke yake. Kama hayana kitu, jambo la mwisho alilolianza mumewe limeishia hapo.

— Kumulika nini! Jogoo alisema. Tia kwenye ndoo ya maji. Likielea, viza.

— Hayo ya kuku, alisema Profesa. La nyoka unaliweka sikioni. Lenye mtoto linasema "sss".

— Ulilisikia wapi?

— Niliyabeba kreti nzima kwenye lori. Safari nzima nikidhani tairi linavuja.

— Kipimo ni simu, alisema Chaji. Iweke juu ya yai. Mtandao ukikatika, ndani kuna kiumbe.

— Simu zako zinakatika mtandao hata juu ya kiatu!

— Basi kiatu nacho kichunguzwe.

Jogoo hakungoja uchunguzi. Alifungua boksi, akanyoosha mkono aligeuze yai moja lipate joto pande zote. Rula ya mjane ilimshukia vidoleni.

— Aa, shemeji!

— Alama ya chaki inatazama juu! Ukiligeuza, unamuua mtoto. Shwari kasema.

Jogoo akarudisha mkono. Chaji akaleta tochi yake ndogo. Mjane akatandua kitambaa cheusi cha suti begani, na vichwa vinne vikaingia chini yake.

— La kwanza?

— Njano tupu.

— La pili?

— Njano.

Jogoo, anayeijua viza tangu ujana, alitaka kusema neno, akalimeza. Mjane alifumba macho. Alikuwa amemchukia nyoka yule miaka sita, na sasa moyo ulimdunda kwa ajili ya mayai yake.

— Shemeji, Chaji alinong'ona. Tazama.

Chini ya alama ya chaki palikuwa na nyuzi nyekundu, nyembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuutunga sindanoni, zimetandaa. La nne nalo, na la tano. Yote yaliyobaki hadi la saba.

— Matano mazima! Si nilisema? walisema wote watatu kwa pamoja.

Walichomoza jasho likiwatiririka, wakamkuta mteja aliyefuata simu yake, begi la safari bado mkononi.

— Miezi mitatu sipo, narudi mnacheza kombolela?

— Nyoka wa Shwari anapata watoto! Jogoo alisema.

— We! Na Shwari mwenyewe keshaambiwa?

Profesa aliinamia kikombe chake, na kahawa ilikuwa imekwisha. Mjane alifunika boksi, akajifuta macho kwa kitambaa cha suti ya watu, akalinyanyua bila kulitikisa.

— Acheni nikamwambie mke mwenzangu, alisema. Naye kafiwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyempa pole.